Mlango Mmoja kwa Wote: Wachekeshaji, Filamu na Safari ya Intaneti Hadi Kando ya Ziwa

Kampuni inayokuuzia intaneti inapaswa kukufikishia ulichokiomba, kwa kasi ileile na kwa masharti yaleyale, iwe ni tovuti ya gazeti kubwa, video ya msanii chipukizi wa Awendo au barua ya chama cha wavuvi wa Mbita. Isizuie, isicheleweshe makusudi, wala isipokee pesa ili kumtanguliza mmoja na kumweka mwingine nyuma. Barabara itokayo Kisii hadi Rongo, inapogawanyika kuelekea Homa Bay upande mmoja na Migori upande mwingine, haimwulizi dereva kabeba miwa ya nani kabla ya kumruhusu apite. Intaneti nayo iliundwa hivyo.

Kanuni hii ni nyepesi kuieleza, lakini imekuwa ngumu kuilinda. Wahandisi na wanasheria waliielewa mapema, na kwa miaka mingi walizungumza wenyewe kwa wenyewe. Waliokuja kuifikisha kwa umma, kwa kiasi kikubwa, ni watu wa vichekesho. Mmoja wao aliingia katika Seneti ya Marekani na kutokea katika filamu kuhusu jambo hilohilo. Mwingine alianza kwa kuchekesha Wakenya wakati wa Rais Moi, na baadaye akaongoza kamati ya Bunge inayosimamia sheria za mawasiliano nchini. Historia ifuatayo inafuata njia zao, na inauliza zimemfikisha wapi mwananchi wa kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, Homa Bay na Migori.

1998–2002: Kicheko jukwaani, mvutano kwenye nyaya

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walianza kuigiza pamoja: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Walijiita Redykyulass. Kipindi chao kilipopata nafasi katika runinga changa ya Nation, Wakenya waliona jambo ambalo wazazi wao wasingethubutu hata kulinong'ona. Mong'are, aliyejulikana kwa jina la Nyambane, aliiga sauti na mwendo wa Rais Daniel arap Moi huku Moi mwenyewe akiwa bado Ikulu.

Kabla yao, kejeli ya kisiasa ilikuwa na gharama kubwa. Mwandishi Wahome Mutahi, aliyependwa kwa safu yake ya Whispers, alikuwa amefungwa mwaka 1986 wakati serikali ilipowasaka watu iliowahusisha na kundi la siri la Mwakenya. Michezo ya kuigiza ilihitaji kibali chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Kwa hiyo Redykyulass hawakuwa burudani tu. Walionyesha kwamba hofu inaweza kupungua watu wakicheka pamoja, na kwamba mkubwa akiigwa hadharani anarudi kuwa binadamu wa kawaida anayeweza kuulizwa maswali.

Miaka hiyohiyo, mvutano mwingine uliendelea jijini Nairobi bila kelele. Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya kuunganisha nchi na intaneti ya dunia. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda kwenye setilaiti, ikavuka bahari, kisha ikarudi, na kila hatua ililipiwa. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, kinachojulikana kwa kifupi kama KIXP, ili habari za hapa zibaki hapa. Telkom ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Baada ya wiki chache msimamizi wa sekta, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, aliamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya malumbano ya kisheria na kupewa leseni.

Kisa hicho kina somo linalohusu kila kitakachofuata. Mwenye kushika njia alikuwa na sababu ya kibiashara ya kuwazuia wengine wasipite, na msimamizi, mara ya kwanza, alisimama upande wake. Uwazi wa mtandao wa Kenya haukuja wenyewe. Ulipatikana kwa sababu kuna watu walioudai hadi wakaupata.

2003–2010: Kanuni inapata jina

Mwaka 2003 profesa wa sheria Tim Wu aliandika makala iliyoipa kanuni hii jina lake la Kiingereza, net neutrality, linalotumika hadi leo. Kwa miaka michache ilibaki mada ya vyuo vikuu. Mwaka 2007 mhandisi mmoja wa Marekani, Robb Topolski, aligundua kwamba kampuni ya Comcast ilikuwa ikikatiza kisirisiri faili zinazosambazwa kwa njia ya BitTorrent. Yeye alikuwa akisambaza nyimbo za zamani za waimbaji wanne-wanne, muziki ambao hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuzuia. Ushahidi wake ulizua kashfa. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliiamuru Comcast iache, na mwaka 2010 kisa chake kikasimuliwa katika filamu ya hali halisi iitwayo Barbershop Punk.

Lakini Aprili 2010 mahakama ya rufaa iliamua kwamba FCC haikuwa na mamlaka ya kisheria kutoa amri hiyo. Tangu hapo, hatua moja mbele ilifuatwa na hatua moja nyuma.

Katikati ya mvutano huo aliingia Al Franken. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kilichoanza mwaka 1975, na baadaye akawa mtangazaji wa redio mwenye kukosoa siasa za mrengo wa kulia. Mwaka 2008 aligombea useneta wa jimbo la Minnesota. Kura zilihesabiwa upya, kesi zikafuata, na mwisho alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 312 kati ya karibu milioni 3. Aliapishwa Julai 2009, miezi minane baada ya uchaguzi. Katika Seneti alilichukua suala la usawa wa intaneti kuwa lake, akisema kwa kurudiarudia kwamba ndilo suala kuu la uhuru wa kusema katika zama hizi.

Kenya wakati huo ilikuwa ikifungua mlango mwingine. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Serikali ilianza kutandaza mkongo wa taifa kuelekea miji ya mbali na pwani. Katiba mpya ya Agosti 2010 iliweka uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma katika kifungu cha 46. Mwaka huohuo kanuni za ushindani wa haki katika mawasiliano zilikataza wenye leseni kubagua wateja na washindani. Hata hivyo hakuna sheria iliyosema kwa maneno ya wazi kwamba mtoa huduma ya intaneti asichague kipi kipite haraka na kipi kichelewe. Wakati simu nyingi zilipokuwa bado za kubofya na bei ya data ikiwa juu, pengo hilo halikuonekana.

2013: Filamu ya bure mtandaoni

Mwaka 2013 mwongozaji Gena Konstantinakos alitoa filamu fupi iitwayo The Internet Must Go. Mhusika wake mkuu, mtafiti wa soko wa kubuni aitwaye John Wooley, ameajiriwa na kampuni za intaneti ili awashawishi watu kwamba mtandao wenye njia za haraka kwa wanaolipa utakuwa bora zaidi. Anapozunguka kuzungumza na watu, wengine wao wataalamu wa kweli, anaanza kuona anachokiuza. Tim Wu yumo. Al Franken naye yumo, safari hii akiwa seneta.

Huo ndio uhusiano wa karibu kati ya mchekeshaji aliyegeuka mwanasiasa na filamu kuhusu usawa wa intaneti, na una maana kuliko kutokea tu kwenye skrini. Filamu ilichukua mbinu ya vichekesho, yaani kumfanya mtetezi wa jambo baya alitetee kwa moyo safi mpaka ubaya wake ujitokeze. Franken aliijua mbinu hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliileta kwenye kazi ya kutunga sheria, na filamu ikaichukua kazi ya kutunga sheria na kuirudisha kwa watazamaji. Ilitolewa bure mtandaoni, kwa sababu hoja yake yenyewe ilidai hivyo: mtu yeyote, popote, aweze kuifungua.

Je, kijana wa Migori angeweza kuifungua? Swali hilo lilipata jibu mwaka uliofuata.

2014–2016: Mlango wa bure na masharti yake

Mwaka 2014 ulianza vibaya kwa watetezi wa intaneti huru. Januari mahakama ya Marekani ilifuta sehemu kubwa ya kanuni za FCC za mwaka 2010, na Mei tume hiyo ikapendekeza utaratibu ambao ungeruhusu njia za haraka za kulipia. Juni 1 mchekeshaji John Oliver alitumia dakika 13 za kipindi chake kueleza jambo hilo na kuwaomba watazamaji waiandikie FCC. Mfumo wa tume wa kupokea maoni ulielemewa. Kufikia Septemba maoni yalikuwa yamekaribia milioni 4, na Februari 26, 2015 FCC ikapitisha kanuni kali kuliko zote zilizotangulia.

Huku Afrika, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Facebook ilikuwa imezindua huduma yake ya intaneti ya bure nchini Zambia Julai 2014 na Tanzania Oktoba. Novemba 2014 ilifika Kenya kupitia Airtel. Baadaye iliitwa Free Basics. Mteja aliweza kuingia Facebook na orodha ya tovuti zilizochaguliwa, za afya, kazi na habari, bila kukatwa salio.

Haifai kuidharau ahadi hiyo. Mama anayeuza omena katika ufuo wa Homa Bay, mwenye shilingi 20 za kutumia kwa siku kwenye simu, alipewa kitu ambacho jana hakuwa nacho. Lakini masharti ya huduma hiyo yalikataza tovuti zenye video na huduma za kupiga simu kwa intaneti. Filamu ya Konstantinakos, iliyotengenezwa ili imfikie kila mtu bure, isingepita katika mlango huo wa bure. Mtu angeweza kuwa ndani ya Facebook kutwa nzima na asiweze kutazama filamu inayomweleza kwa nini hawezi kutoka nje ya Facebook. Aliyechagua alichopaswa kukiona hakuwa yeye, wala Bunge lake, wala msimamizi wa nchi yake.

India ilikabiliwa na mpango huohuo na ikajibu tofauti. Aprili 2015 kundi la vichekesho la All India Bakchod lilitoa video ya kuwaeleza vijana hatari iliyokuwa ikija, na zaidi ya barua pepe milioni 1 zikatumwa kwa msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo. Februari 8, 2016 msimamizi huyo alipiga marufuku kutoza bei tofauti za data kwa kutegemea mtu anafungua nini. Free Basics ikaondoka India.

Kenya haikuwa na mjadala wa aina hiyo. Hapakuwa na kikundi cha wachekeshaji kilicholibeba jambo hilo, wala wimbi la barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyochukua nafasi ya ile Tume. Badala yake mazoea yalijijenga polepole. Kampuni za simu zilianza kuuza bando za WhatsApp peke yake, za Facebook peke yake, za video za mtandao mmoja kwa saa kadhaa. Bando hizo ni rahisi, na ndiyo maana zinanunuliwa na wenye kipato kidogo. Matokeo yake ni kwamba mtu wa mjini mwenye waya wa intaneti nyumbani anapata mtandao mzima, ilhali mchimba dhahabu wa Macalder, Migori, anapata programu mbili au tatu alizochaguliwa. Habari ikimfikia kwenye WhatsApp anaweza kuisoma. Akitaka kuihakiki kwenye tovuti ya gazeti, bando lake linamwishia mlangoni.

Njia nyingine: Kisiwa cha Mfangano

Wakati huohuo, ndani ya Kaunti ya Homa Bay yenyewe kulikuwa na mfano tofauti. Katika Kisiwa cha Mfangano, ambako ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umeumiza familia nyingi za wavuvi, wenyeji walishirikiana na wageni wao kujenga kituo cha Ekialo Kiona, kinachotumia nishati ya jua na upepo. Mtu aliyekubali kupimwa virusi vya Ukimwi mara kwa mara alipata uanachama na kutumia kompyuta na intaneti bila malipo. Baadaye kikaongezwa kituo cha redio kinachotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo Dholuo ilikuwa karibu kuimeza kabisa.

Tofauti ya huduma hiyo na Free Basics iko wazi. Zote mbili ziliondoa gharama kwa maskini. Moja iliamulia mtumiaji atazame nini. Nyingine ilimfungulia mtandao wote na kumwachia achague mwenyewe. Sharti la Ekialo Kiona lilihusu afya ya jamii, na lilikubaliwa na jamii hiyo. Mfano huu unavunja hoja inayorudiwa kila mara, kwamba maskini lazima akubali kipande cha intaneti la sivyo akose yote. Kinachoamua ni nani anayemiliki mlango na nani anayeuwekea masharti.

2017: Mmoja anaingia, mwingine anatoka

John Kiarie alikuwa ameshajaribu siasa mapema. Mwaka 2007 aligombea ubunge wa Dagoretti na kushindwa na Beth Mugo. Mwaka 2013 alijaribu tena bila kufaulu. Agosti 2017 akachaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Mwenzake Mong'are naye aliingia siasa na kufikia hatua ya kutaka urais mwaka 2022, ingawa jina lake liliondolewa kabla ya uchaguzi kwa sababu ya shahada yake. Mwaka huohuo wa 2022 Felix Odiwuor, mchekeshaji wa redio na runinga ajulikanaye kama Jalang'o, alishinda kiti cha Lang'ata. Njia kutoka jukwaani hadi Bungeni ilikuwa imezoeleka.

Upande wa pili wa dunia, njia ya Franken ilifika mwisho. Desemba 7, 2017, baada ya wanawake kadhaa kumlalamikia kwa mwenendo mbaya wa kijinsia, alitangaza kwamba angejiuzulu. Wiki moja baadaye, Desemba 14, FCC ilipiga kura 3 kwa 2 kufuta kanuni za 2015. Franken aliondoka Seneti Januari 2, 2018. Kanuni zilirejeshwa Aprili 2024, kisha mahakama ya rufaa ikazifuta tena Januari 2, 2025.

Mfululizo huo unafundisha jambo moja zito. Kanuni iliyosimama juu ya uamuzi wa tume hubadilika tume inapobadilika, na hoja iliyobebwa na mtu mmoja maarufu hudhoofika mtu huyo anapoanguka. Kinachodumu ni sheria iliyotungwa na Bunge na kueleweka na wananchi kiasi cha wao kukataa iguswe.

2018–2024: Kutoka bei hadi amri

Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Chama cha wanablogu kilikwenda mahakamani mara moja, na vifungu 26 vikasimamishwa hadi mwaka 2020, vilipoanza kutumika. Miongoni mwake kulikuwa na kosa la kuchapisha habari za uongo, lililotamkwa kwa upana kiasi cha kumnasa karibu yeyote.

Baada ya uchaguzi wa 2022, Kiarie alichukua uenyekiti wa kamati ya Bunge la Taifa ya mawasiliano, habari na ubunifu. Mtu aliyekua kwa kuvunja mwiko wa kumcheka rais sasa aliongoza meza ambapo mustakabali wa intaneti ya Kenya ungejadiliwa.

Novemba 2023, wakati wa mtihani wa KCSE, mtandao wa Telegram ulizuiwa nchini kwa hoja ya kukomesha wizi wa mitihani. Novemba 2024 ukazuiwa tena. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aliyekuwa akipokea maandishi ya somo kupitia Telegram alifungiwa pamoja na wanaouza majibu. Hapo ndipo suala la bei na suala la amri yalipokutana. Kampuni iliyozoea kutenganisha WhatsApp na mtandao mwingine kwa ajili ya kuuza bando tayari ina uwezo wa kutenganisha chochote. Anayechagua kwa ajili ya biashara leo anaweza kuagizwa achague kwa ajili ya siasa kesho.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na walikuwa wamepanga, kueleweshana na kuchangishana mtandaoni. Waliutafsiri mswada katika lugha mbalimbali, Dholuo ikiwemo, na miji ya Migori na Homa Bay ilishuhudia maandamano kama miji mingine. Bungeni, Kiarie alidai kwamba baadhi ya picha za maandamano zilizosambaa hazikuwa za Kenya, na vijana wakamjibu kwa ukali. Juni 24 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba haina nia ya kufunga intaneti. Siku iliyofuata, waandamanaji walipoingia Bungeni na risasi kusikika, intaneti ilididimia nchini kote, na kampuni zikataja hitilafu ya nyaya za baharini.

2025: Homa Bay

Juni 7, 2025 maafisa wa polisi walimkamata Albert Ojwang nyumbani kwao Homa Bay. Alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka 31 na mwandishi wa mitandaoni. Kosa alilohusishwa nalo ni maandishi kwenye mtandao wa X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi na kuwekwa katika kituo cha polisi cha Central. Hakutoka akiwa hai. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha majeraha ya kichwa na kubanwa shingo, ambayo si rahisi mtu kujitia mwenyewe. Lagat alikaa kando, maafisa kadhaa wakashtakiwa, na nchi ikarudi barabarani.

Kifo cha Ojwang kinahusu mauaji na haki, na hakipaswi kupunguzwa kuwa mfano wa hoja ya teknolojia. Lakini kilionyesha wazi thamani ya mtandao ambao hauulizi mtu anabeba nini. Mwalimu kutoka kijiji cha Homa Bay aliweza kuandika jambo likasomwa Nairobi, na baada ya kifo chake, wazazi wake waliweza kusikika nchi nzima kwa sababu video zilipita bila kuomba ruhusa. Aprili mwaka huo BBC ilikuwa imetoa Blood Parliament, filamu iliyofuatilia waliowaua waandamanaji nje ya Bunge mwaka 2024. Onyesho lake jijini Nairobi lilifutwa, lakini Wakenya waliitazama kwenye simu zao. Filamu hiyo ilipita kwa sababu njia ilikuwa bado wazi, kwa wale waliokuwa na bando la kutosha.

Mei 2025 Mahakama Kuu ilikuwa imetoa amri ya muda kuizuia serikali na kampuni kukata intaneti, baada ya mashirika ya kutetea haki kushtaki. Bungeni nako kulikuwa na mswada wa mbunge wa Aldai, Marianne Kitany, uliopendekeza kila mteja wa intaneti apewe namba ya mita ili matumizi yake yapimwe kama umeme. Oktoba 15, 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni, yaliyoongeza uwezo wa serikali kuamuru tovuti zifungwe. Siku hiyohiyo habari zilifika kutoka India kwamba waziri mkuu wa zamani Raila Odinga, kiongozi mpendwa wa Nyanza, ameaga dunia. Kando ya ziwa, kutoka Muhuru Bay hadi Kendu Bay, watu walikuwa wakilia. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya marekebisho hayo, na huenda ndipo wengi wa Migori na Homa Bay walipojua kilichotiwa saini siku ya msiba wao.

Sheria inayodaiwa

Ukiipanga historia hii kwa mwaka, kitu kimoja kinajirudia. Mwaka 2000 mwenye njia alitaka kuzuia wengine, na mabishano ya wazi yakamshinda. Mwaka 2014 mchekeshaji alieleza, mamilioni wakaandika, kanuni ikapita. Mwaka 2015 wachekeshaji wa India walieleza, na nchi yao ikajilinda. Kenya, ambako hakuna aliyelieleza jambo hilo kwa umma, ilipokea intaneti ya vipande na ikaizoea. Palipoeleweka, watu walishinda, pasipoeleweka, waliamuliwa.

Ndiyo maana nafasi ya Kiarie ni ya pekee. Anaujua ufundi wa kulifanya jambo gumu lieleweke na mtu aliyekaa mbele ya runinga baada ya kazi, na ameketi mahali ambapo sheria inaweza kuanza. Bunge la Kenya linahitaji kuandika kwa maneno mepesi kwamba mtoa huduma asizuie maudhui halali, asipunguze kasi ya maudhui fulani kwa faida ya mengine, na asiuze bando linalomfungia mteja ndani ya programu chache huku mtandao wote ukibaki ghali kupita uwezo wake. Liandike pia kwamba hakuna afisa wa serikali atakayefunga mtandao au tovuti bila amri ya mahakama.

Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Vikao vya mswada wa aina hiyo visiishie Nairobi. Vifike Homa Bay na Migori, visikilize wachimba dhahabu, wauza samaki, walimu na wanafunzi ambao mtandao wao mzima unauzwa kwa saa na kwa programu, kisha viyaandike waliyoyasema ndani ya sheria yenyewe.